Nani alizilipia shule zile? Wahamiaji wa viwanda vya pamba na shule za parokia hapa Lowell

Haya niliyasema kwenye kikao cha wazazi wanaotaka kuanzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa watoto wetu hapa Lowell, Massachusetts. Wengine hawakuweza kufika wakaomba yaandikwe, nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu wote, hamjambo, na wale wakubwa wa Tanzania na Zanzibar naona mmekaa pamoja pale mbele, shikamooni.

Nimeombwa niongee historia kidogo kabla hatujafika kwenye ajenda, kwa sababu kikao kilichopita kuna watu walisema hili jambo la kuwafundisha watoto lugha yetu huku ugenini ni jipya, halijawahi kufanyika, tutashindwa tu. Si jipya. Mji huu huu umelifanya, na waliolifanya walikuwa maskini kuliko sisi, walikuwa watu wa zamu za kiwandani, walikuja kwanza Wairishi alafu wakaja Wakanada wa Kifaransa kutoka Quebec, na walijenga shule za matofali za ghorofa kwa mishahara ile ile midogo ya kusokota pamba. Leo nataka tufuatilie kitu kimoja tu ndani ya hiyo historia: nani alilipa. Maana jengo tunaliona, picha za masista na watoto tunaziona, lakini bili ilienda kwa nani hatuulizi, na mimi naamini hapo ndo kuna funzo letu sisi.

Lowell ilijengwa miaka ya 1820 kwa ajili ya kutengeneza kitambaa, basi. Maji ya mto Merrimack yaliingizwa kwenye mifereji yazungushe mashine, na pamba ilitoka kusini ilikolimwa na watumwa, watu weusi kama sisi, hilo tusilipite haraka. Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilifika mpaka kwetu, ile merikani iliyovaliwa kuanzia pwani mpaka Ujiji ililetwa Unguja na meli za Salem, mji ambao hauko mbali na hapa, na Marekani ilishafanya mkataba wa biashara na Sayyid Said 1833, konsuli wao wa kwanza Richard Waters akafika Zanzibar 1837. Kwa hiyo mababu zetu waliivaa kazi ya mkoa huu zamani sana kabla sisi hatujaja kupanga nyumba hapa.

Mifereji ile haikujichimba yenyewe. Mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliwaleta Wairishi kama thelathini wakitembea kwa miguu kutoka Charlestown, karibu na Boston, ndo wakaanza kuchimba, wakajenga vibanda vyao kwenye mtaa wa Acre ambao mpaka leo mhamiaji akifika Lowell ni rahisi kuanzia hapo. Kampuni ya mifereji ikawapa kiwanja cha kanisa, na St. Patrick likafunguliwa 1831. Sasa shule ikawa tatizo. Shule za serikali zilikuwa za bure lakini zilikuwa za Kiprotestanti kabisa, Biblia inayosomwa asubuhi ni ya Kiprotestanti, vitabu vya historia vinamsema Papa vibaya, mwalimu anawatazama watoto wa Kiirishi kama uchafu, basi wazazi hawakuwapeleka. Mwaka 1831 mji ukatoa dola 50 kwa ajili ya shule ya peke yao Wairishi. Dola hamsini!

Lakini 1835 likatokea jambo ambalo mimi nalipenda sana na watu wengi hapa mjini hawalijui. Padre Peter Connelly wa St. Patrick na kamati ya shule ya mji walikaa wakaelewana. Kanisa litatoa vyumba, mji utalipa walimu. Walimu watakuwa Wakatoliki, ila mji utawapima uwezo wao kama walimu wengine. Vitabu vitachaguliwa na mji, ila visiwe na maneno ya kuitukana imani ya Wakatoliki. Hakuna aliyepata kila alichotaka, na watoto wakajaa madarasani, na mpango ule ukadumu zaidi ya miaka kumi na tano. Fikirieni, hiyo ni Massachusetts ile ile ambayo mwaka mmoja kabla, Agosti 1834, watu walichoma moto nyumba ya masista wa Ursuline pale Charlestown, masista na wanafunzi wao wakakimbia usiku. Mji mmoja unachoma shule ya masista, mji mwingine karibu tu unakaa mezani na padre. Siwezi kusema watu wa Lowell walikuwa na roho nzuri zaidi, wenye viwanda walihitaji wafanyakazi watulivu na hilo lilisaidia sana, ila walikaa mezani.

Haikudumu. Mwaka 1852 masista wa Notre Dame de Namur walifika Lowell, wakafungua shule ya wasichana hapo St. Patrick, na mpango wa zamani ukafa. (Shirika hilo hilo, kwa wale ndugu zangu wa Kongo, ndo lilituma masista Kongo 1894.) Alafu chama cha kuchukia wahamiaji, Know-Nothing, kikashinda uchaguzi wa jimbo 1854, na mwaka uliofuata bunge likatuma kamati ikague nyumba za masista na shule zao, wakiamini sijui kuna wasichana wamefungiwa chini ya sakafu. Walifika hata hapa Lowell. Wakafungua makabati, hawakupata kitu, alafu ikajulikana kwamba mbunge mmojawapo, Joseph Hiss, aliliandikia jimbo bili ya hoteli ya hapa mjini na ndani yake kulikuwa na mwanamke asiye mke wake, akafukuzwa bungeni. Mwaka huo huo wa 1855 jimbo likabadilisha katiba, hela ya umma isiende tena kwenye shule za dini. Mlango wa Lowell ukafungwa kwa sheria. Kuanzia hapo kila senti ya shule ya Kikatoliki ilitakiwa itoke mfukoni mwa waumini, na waumini wenyewe ni hao wanaochimba mifereji na kusimamia mashine.

Kwa nini walikubali kulipa wakati kuna shule ya bure pembeni? Wakati huo mzazi Mkatoliki hakuwa anaota, alikuwa na sababu. Mwaka 1859 pale Boston, shule ya serikali ya Eliot, mtoto wa miaka kumi anaitwa Thomas Whall alikataa kusoma Amri Kumi kwa maneno ya Kiprotestanti kwa sababu baba yake na padre walimwambia asisome, akachapwa fimbo mikononi karibu nusu saa. Wenzake mamia wakakataa pia, wakafukuzwa. Mzazi akisikia hivyo anatafuta shule nyingine, hata kama ni chumba chini ya kanisa.

Sasa tuje kwa Wakanada wa Kifaransa maana hawa ndo wanafanana na sisi zaidi, hawa suala lao halikuwa dini peke yake, lilikuwa lugha. Kati ya 1840 na 1930 watu kama 900,000 waliondoka Quebec wakaja Marekani, wengi huku New England, kwenye Lowell, Fall River, Woonsocket, Manchester, Lewiston. Mashamba yalikuwa hayatoshi, madeni mengi, na treni ilikuwa inafika mpaka mlangoni kwa kiwanda. Viwanda viliwapenda kwa sababu walikuja na familia nzima, baba na watoto sita saba, na kila mtoto ni mikono miwili. Hapa Lowell walijazana mtaa ukaitwa Petit Canada, yaani Kanada Ndogo, majumba ya mbao yamebanana kiasi kwamba jua lilikuwa halifiki vyumba vingine. Mtaa wenyewe ulibomolewa miaka ya 1960, usiutafute.

Padre André-Marie Garin, wa shirika la Waoblati, alifika 1868, akanunua kanisa lililokuwa la Waunitariani mtaa wa Lee likawa St. Joseph. Na 1883 shule ya parokia ikafunguliwa na masista wa Grey Nuns kutoka Ottawa, 1892 mabruda Wamarist wakaja kuchukua wavulana. Walikuwa na msemo kwamba anayepoteza lugha anapoteza imani, na shule ndo ilikuwa njia yao ya kuushika huo msemo. Siku ilikatwa katikati. Nusu ya siku Kifaransa, ndo wanasoma katekisimu, sarufi, historia ya Kanada, na nusu nyingine Kiingereza, hesabu, jiografia, historia ya Marekani. Mtoto anatoka hapo anajua lugha mbili kusoma na kuandika, si kuongea tu na bibi kwenye simu. Nawaambia ukweli mimi nikisoma ratiba zile naona wivu.

Na walikuwa na la kujibu pia. Mwaka 1881 Carroll Wright, mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi ya jimbo, aliandika kwenye ripoti rasmi kwamba Wakanada hawa ni Wachina wa majimbo ya mashariki, kwa wakati ule hilo lilikuwa tusi mara mbili, kwao na kwa Wachina, eti hawataki uraia, hawataki shule, wanawaficha watoto ili wakafanye kazi. Viongozi wao wakaja juu, wakaomba kusikilizwa, na Oktoba mwaka huo wakaenda mbele yake na ushahidi wa parokia zao na shule zao na watu wao waliochukua uraia. Alafu 1884 maaskofu wa Marekani wakakutana Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule ndani ya miaka miwili. Wairishi wengi na Wajerumani walihangaika kulitimiza, Wakanada wao walikuwa wameshaanza, kwao parokia bila shule ilikuwa haijakamilika. Pale Lewiston, Maine, mapadre Wadominiko walijenga 1882 jengo kubwa katikati ya mtaa wao, maduka chini, madarasa juu, ukumbi wa mikutano humo humo, na bado limesimama.

Haya, hela.

Kwanza kulikuwa na kodi ya benchi kanisani, familia inalipia sehemu ya kukaa. Kulikuwa na minada, michezo ya karata ya kuchangisha, maigizo ya watoto ambayo wazazi wananunua tiketi kumwona mtoto wao wenyewe, na vyama vya kusaidiana ambavyo sisi tungeviita chama tu, mtu akifa chama kinazika, na kikibaki na kitu kinasaidia shule. Wakenya mtaelewa mara moja, ilikuwa harambee kila wiki bila mheshimiwa. Na Manchester, New Hampshire, kwenye mji wa kiwanda cha Amoskeag kilichowahi kuwa na wafanyakazi kama 17,000, Monsinyori Pierre Hévey wa parokia ya Ste-Marie akamwita Alphonse Desjardins kutoka Quebec, aliyeanzisha vyama vya namna hiyo kwao, awasaidie, na Novemba 1908 wakafungua chama cha akiba na mikopo, hicho ndo cha kwanza Marekani nzima. Yaani sacco ya kwanza nchi hii ilianzishwa na watu wa kiwanda cha pamba wasiojua Kiingereza vizuri, na mwanzoni ilikuwa inaendeshwa nyumbani kwa wakili Joseph Boivin. Nyumba ile leo ni makumbusho, ni mwendo mfupi na gari kutoka hapa, tuwapeleke vijana.

Lakini michango ya wazazi isingetosha hata kidogo kama walimu wangelipwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Shule zile zilisimama juu ya masista. Darasa la watoto hamsini, sitini, sista mmoja, mwingine ana miaka kumi na tisa tu hajamaliza hata masomo yake, amefika kutoka Quebec na anatakiwa afundishe nusu ya siku kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe ndo anajifunza. Jioni anafundisha piano ili konventi, nyumba yao ya masista, ipate hela ya chakula, Jumamosi anasafisha kanisa, Jumapili anasimamia watoto kwenye misa. Malipo yalikuwa sehemu ndogo sana ya mshahara wa mwalimu wa serikali, na yalienda kwa shirika, si kwake. Padre ana sanamu. Garin alikufa 1895 na mwaka uliofuata wakamsimamishia sanamu pale Merrimack Street kando ya kanisa la Saint-Jean-Baptiste, na anastahili kabisa. Masista waliofundisha mji mzima kusoma, majina yao yako kwenye madaftari ya mashirika yao.

Na wa tatu kulipa walikuwa watoto. Hili linaniuma. Kwa familia nyingi shule ilikuwa ya kufikia komunyo ya kwanza, ambayo zamani ilikuwa kwenye miaka kumi mpaka kumi na mbili, baada ya hapo mtoto, hasa wa kwanza na wa pili, anaingia kiwandani, na mshahara wake ndo unasaidia wadogo zake wabaki darasani na parokia ilipe deni la shule. Sheria zilikuwepo, Massachusetts ilishaagiza tangu 1836 mtoto wa kiwandani asome miezi mitatu kwa mwaka, na ziliendelea kukazwa, lakini karatasi za umri zilikuwa zinanunuliwa. Hapo Lawrence jirani zetu, mtoto wa Kiitaliano anaitwa Camella Teoli alisimama mbele ya kamati ya bunge Washington Machi 1912 akaeleza jinsi mtu alivyokuja nyumbani akamwambia baba yake kwa dola nne atamtengenezea karatasi ya kuonyesha ana miaka kumi na nne, baba akatoa, mtoto akaanza kazi, haikupita muda mashine ikashika nywele zake ikamng'oa ngozi ya kichwa. Akakaa hospitali miezi mingi. Mpiga picha Lewis Hine alipiga picha za watoto wa viwandani miaka hiyo hiyo, za Lowell, za Manchester, za Fall River, ziko wazi mtu yeyote anaweza kuziangalia, wavulana wa kubadilisha bobini, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi, bila viatu. Ukiangalia zile picha alafu ukaangalia jengo la shule zuri la matofali, ujue ni familia zile zile.

Kuna na ugomvi, siwafichi, maana sisi pia tutagombana. Woonsocket, Rhode Island, miaka ya 1920, askofu William Hickey alitaka kila parokia ichangie shule za sekondari za dayosisi, na Wakanada wengine wakaona hela yao iliyochangwa kwa ajili ya Kifaransa inakwenda kujenga shule za Kiingereza. Mmoja wao, Elphège Daignault, akaanzisha gazeti La Sentinelle 1924, wakahamasisha watu wagome kulipa kodi ya benchi, wakaipeleka kesi mahakamani wakashindwa, na 1928 yeye na wenzake waliotia sahihi ile kesi wakatengwa na Kanisa mpaka walipotubu mwaka uliofuata. Familia ziligawanyika, ndugu hawasalimiani. Na wakati huo huo kulikuwa na adui wa nje, jimbo lile lilipitisha sheria ya Peck 1922 ya kulazimisha Kiingereza kwenye shule binafsi, na jimbo la Oregon mwaka huo huo likataka kufuta kabisa shule zisizo za serikali kwa watoto wadogo. Oregon ilishindwa Mahakama ya Juu 1925, walioshtaki walikuwa masista wa Holy Names, shirika lililoanzia Quebec. Haki tunayoitumia leo tukitaka kuwafundisha watoto wetu kwa namna yetu ilipiganiwa na masista wale.

Ziliishaje? Viwanda vilihamia kusini, Amoskeag ikafunga 1935, Boott na Merrimack za hapa Lowell zikafunga miaka ya 1950. Watu wakatawanyika, wakaoana na Wairishi, na kuanzia vita ya pili ya dunia Kifaransa kikapungua darasani mwaka hadi mwaka mpaka kikabaki somo tu, alafu hata somo likaondoka. Jengo lilibaki, masista walibaki bado, lugha ikawa imeshatoka. Na mwaka 1965 shule za Kikatoliki Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5, hapo ndo kilele, na masista nchi nzima walikuwa karibu 180,000. Walipoanza kupungua, parokia zikalazimika kuajiri walimu wa kawaida wenye watoto na kodi ya nyumba, ada ikapanda, na shule ambazo zilionekana ni za milele zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Nadhani hii ndo sehemu watu wanaoisimulia historia hii kwa uchungu wanaikosea, wanasema imani ilipungua. Inawezekana. Lakini hesabu haikuwa imefanywa tangu mwanzo, mwalimu alikuwa hajawahi kulipwa thamani yake, kwa hiyo siku ya kumlipa ilipofika hakuna aliyekuwa na hela.

Sasa ajenda yetu. Nimeona kwenye pendekezo kuna bajeti ya fulana, ya ukumbi, ya chakula cha uzinduzi, na kwenye mstari wa walimu imeandikwa kujitolea. Na nimeona majina ya waliojitolea, wote ni wanawake, wengi wanafanya kazi ya kulea wagonjwa usiku, wanatoka zamu saa moja asubuhi na darasa ni saa tatu. Mama zangu, nawaheshimu sana, lakini mimi siungi mkono mpango huo kama ulivyo. Naomba tuondoe fulana, tuondoe chakula, uzinduzi tufanye na chai tu, na kila familia itoe mchango wa mwezi ambao unaenda kwa mwalimu kwanza, hata ukiwa mdogo uandikwe kama mshahara na ulipwe tarehe ile ile kila mwezi. Ukumbi tuwaombe watu wa maktaba au kamati ya shule ya mji, tukae nao mezani kama alivyofanya Padre Connelly, tuwaambie tunachotaka na tusikilize wanachotaka. Na vijana wa sekondari wanaofanya kazi wikendi kusaidia nyumbani, tusiwaongezee tena mzigo wa kufundisha wadogo zao bure, wao waje kusoma.

Nimemaliza, katibu afungue daftari tuanze kuandika nani anatoa ngapi.